Sauti Niliyoifunga Kufuli

Mimi hakuna kitu cha mashine kinachoweza kunishangaza. Nalisema mapema ili tusipotezeane muda. Nimefufua redio iliyoliwa na mchwa. Nimefungua simu iliyolala ziwani siku kadhaa, nikaianika, ikaita. Nimeletewa kompyuta ambayo panya alikuwa amezalia ndani, nikaiwasha, ikawaka, na watoto wake wakiwa humo humo wanajipasha joto. Kwa hiyo kijana ukinijia umenuna, ukaniambia diski imekufa, usitegemee nitashika kichwa. Nitakuuliza tu: nakala yake iko wapi, na mara ya mwisho uliifungua lini ukaitazama kwa macho yako? Swali la kwanza wengi mnalijibu haraka haraka. La pili mnaangalia chini. Hata mimi niliwahi kuangalia chini, na hayo ndiyo nitakayowaandikia.

Vijana wenye vibanda vya simu pale mjini Bukoba ndio walioning'ang'ania. "Mzee Deo, wewe ndiye wa kwanza kuweka seva nyumbani hapa kwetu, tuandikie tujue." Ni kweli, wa kwanza ni mimi. Kuna watu Kashozi wanasema mwalimu fulani alinitangulia. Ya mwalimu ilikuwa kompyuta tu, alikuwa anaizima akienda kulala. Seva haizimwi. Mwenye kubisha aje tubishane.

Shule yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nusu yake nilikuwa shambani nachuma kahawa. Kiingereza nilijifunzia kwenye maboksi ya betri. Lakini seva niliijenga mwenyewe, hapa Buhembe, kwenye chumba cha stoo kati ya magunia ya maharage na baiskeli mbovu. Ilikuwa mashine ya mezani ya zamani, niliyoitoa kwenye mnada wa ofisi moja, nzito kama jiwe la kusagia. Nikaondoa yale mambo yake ya madirisha na mapicha, nikaweka Linux tupu: skrini nyeusi, maandishi meupe, unaandika amri, inajibu. Ukikosea inakwambia umekosea. Ukiandika sawasawa inanyamaza. Niliipenda kwa hilo. Watu wengi ninaowajua hufanya kinyume.

Ndani yake kulikuwa na mambo ya mtaa mzima. Nyimbo za kwaya ya kigango chetu, masomo ya watoto wa jirani, picha na video za harusi, ubatizo, mazishi. Mtu simu yake ikijaa, wenzake wanamwambia, "Peleka kwa Deo." Analeta, namhifadhia, na siku akitaka anasimama hata nje ya ua, anaunganisha simu yake, anaona vitu vyake. Ujira wangu ulikuwa mkungu wa ndizi ukikomaa. Sikuwa namtegemea mtu wa Ulaya anihifadhie mazishi ya mama yangu. Vyote viko kwangu, nyumbani, naviona vinavyowaka taa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawatambia watu.

Aliyenifundisha ni Mzee Nassoro, Mswahili wa mjini, babu zake walitokea pwani. Enzi za simu za waya alikuwa fundi wa mitambo. Mtu mpole, anavaa kofia yake, anaongea taratibu, lakini ukifanya ovyo anakutukana kwa adabu mpaka unatamani akupige. Yeye alikuwa na seva ndogo dukani kwake, nikaenda kumwekea feni, nikaona ile skrini nyeusi, basi, nikanasa.

Somo lake la kwanza ni hili, na ninyi mlishike. Kwenye Linux kuna mtumiaji mmoja mkuu ambaye anaweza lolote: kusoma, kufuta, kubomoa nyumba nzima kwa neno moja. Wengine wote wana mipaka. Kila faili lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayeamua nani asome na nani asisome.

"Usiifanyie mashine kila kazi ukiwa mkuu," Mzee Nassoro aliniambia. "Mtumishi wa kufagia mpe ufagio. Usimpe na funguo za sanduku."

Kwa hiyo kazi ya kuchukua nakala niliipa mtumiaji mdogo, nikamwita Karani. Kila Jumapili alfajiri Karani anaamka mwenyewe, anapita kila mahali anaporuhusiwa, ananakili kila kitu kwenye diski ya nje. Mimi nimelala.

Hata hapo nilianza kwa kuchekwa. Nilitaka Karani aamke saa nane usiku watu wakiwa wamelala, nikaandika nane. Sasa mashine inahesabu saa zake kuanzia saa sita ya usiku. Nane kwake ni saa mbili ya asubuhi yetu. Jumapili, saa mbili asubuhi, kwaya imekaa kwenye benchi langu inapasha wimbo kabla ya misa, inasikiliza kutoka kwenye seva, na Karani naye anaamka na kuanza kubeba mizigo. Wimbo ukakwama kwenye neno la kwanza. Unakwama, unarudia, unakwama. Mwalimu wa kwaya akaniuliza kama nimemuuzia shetani mashine. Wiki tatu nilibadilisha nyaya, nikabadilisha na feni, nikamlaumu mbuzi wa jirani. Nikaenda kwa Mzee Nassoro.

"Deo," akasema, "wewe unaamka na jua. Hiyo inaamka na Mzungu."

Mke wangu Adventina aliposikia hivyo alicheka mpaka akakaa chini. Yeye mashine hiyo aliiita mgonjwa wangu, kwa sababu niliifunika kitambaa na kila nikitoka kazini napita kwanza kuigusa kama ina joto. "Nenda kamwangalie mgonjwa wako," ananiambia, "mimi mzima nitasubiri." Akaongeza na nyingine: "Ila huyu mgonjwa anakula umeme kuliko tunavyokula sisi ndizi."

Lakini ndiye aliyeniokoa kwenye wale wadudu wa ziwani. Mnawajua, wanapokuja kama moshi kutoka ziwani, wanaingia mpaka kwenye chai. Mwaka mmoja walivutwa na ile taa ya kijani ya seva, feni ikawameza maelfu, ikajaa uji mweusi, mashine ikachemka na stoo ikanuka dagaa. Nikafungua, nikafuta, nikafunga, kesho yake tena. Adventina akaja na chujio lake la togwa, kile kitambaa chembamba, akakibandika mbele ya feni kwa mpira wa kufungia. "Sasa ipumue," akasema. Hakuna kitabu kilichoandika hivyo. Hata leo mkinunua vichujio vya dukani mnatupa hela.

Kisha mgonjwa akawa yeye.

Sitaandika ugonjwa. Ulikuwa mrefu na ulijua unakokwenda. Binti yetu ni mmoja, Kokushubira, sisi tunamwita Koku, wakati huo alikuwa ndiyo kwanza amepata kazi ya kufundisha watoto wadogo huko Muleba. Upande wa ukoo wa mke wangu wana jambo lao. Binti akiagwa kwenda kuolewa, mama yake ndiye humwambia maneno ya mwisho, mbele ya watu, naye binti amepiga magoti. Baba unaweza kuhutubia uwezavyo, shangazi watasema yao, lakini hayo ya mama ndiyo anayoondoka nayo. Mama yake Adventina alimwambia yake, na bibi yake alimwambia mama yake. Na Koku hakuwa na mchumba bado.

Mchana mmoja hospitali Adventina akaniomba simu yake.

"Nikushikie?" nikamuuliza, maana mkono ulikuwa umekwisha nguvu.

"Toka nje."

"Utaiangusha."

"Deo, toka nje, bojo, nakuomba. Nina mazungumzo na mwanangu."

Nikatoka. Nikakaa karibu na bomba wanapofulia. Kupitia dirishani niliuona mkono wake ukipanda na kushuka, kama mtu anayefundisha kukata ndizi. Muda ukapita. Aliponiita alikuwa amechoka lakini uso umetulia.

"Hii ni ya siku Koku anaagwa," akasema. "Asisikilize mtu kabla. Koku asisikilize kabla. Na wewe usisikilize kabisa, nakujua."

"Nitaiweka kwenye seva. Hata nyumba ikiungua haipotei."

"Weka popote. Lakini usisikilize."

Alifariki kabla mvua za masika hazijakwisha. Tulimzika kibanjani kwetu Kashozi, kwenye migomba ya baba. Siku ya kuanua matanga vitu vyake viligawanywa kwa ndugu, kama kawaida, na simu ikaangukia kwa mdogo wake. Mtu hapewi simu yenye mambo ya marehemu ndani. Nikahamishia kila kitu kwenye seva, nikaifuta simu mpaka ikawa kama imetoka dukani, nikamkabidhi. Na siku hiyo hiyo, mbele ya ndugu wote wamekaa kwenye nyasi, nilisimama nikasema: "Maneno ya Adventina yako salama. Mashine yangu ina diski mbili pacha, moja ikifa nyingine inabaki. Nina nakala kwenye diski ya nje, na nyingine, nitakayoitoa kwenye hiyo ya nje, itakaa Ngenge kwa mulamu Projestus. Benki hawana ulinzi huo." Watu wakatikisa vichwa. Projestus ni kaka yake Adventina. Alilia.

Baada ya hapo nikakaa mbele ya skrini kufanya kazi niliyoiona ni ya akili kuliko zote nilizowahi kufanya. Wageni wengi walikuwa wakiingia kwenye ile seva, watoto wanapekua kila mahali, na mimi mwenyewe najijua. Usiku wa upweke mtu anaweza kuvunja amri ya marehemu. Basi nikalichukua lile faili, nikalifanya mali ya mtumiaji mkuu, nikaondoa ruhusa zote. Asisome mtu. Nikaifunga na akaunti ya mkuu, nikaandika neno lake la siri, refu lisilokaririka, kwenye karatasi, nikampa Mzee Nassoro atunze. Nilijifungia nje mwenyewe, kwa heshima ya mke wangu. Niambieni ni fundi gani wa chuo angefikiria hivyo.

Kila Jumapili Karani aliamka, akabeba mizigo yake, akaniachia ripoti. Ripoti ilikuwa na mstari mmoja mwekundu unaosema ruhusa imekataliwa, na mbele yake jina la faili la Adventina. Sasa sikilizeni. Msifikiri sikuusoma. Niliusoma kila wiki. Nilikuwa naifungua ile ripoti kabla ya chai. Na kila nikiuona ule mstari nilikuwa nafurahi. Nasema, aha, kufuli linafanya kazi. Hata Karani wangu mwenyewe hawezi kusikiliza.

Mwenye akili ameshaelewa. Asiye na haraka asubiri.

Koku akapata mchumba, mwalimu mwenzake, kijana mtulivu kutoka upande wa Kamachumu. Washenga wakaja, wakala, wakarudi tena, siku ya kuaga ikapangwa baada ya Krismasi. Mwezi wa kumi na moja senene, wale panzi tunaowala, wakaanguka.

Mwaka huo waliingia kama adhabu. Jirani yangu Muta alikuwa na taa zake zile kubwa za kutegea, na mapipa, na mabati yamesimamishwa, kila kitu tayari, ila umeme wa kwake ulikuwa dhaifu na taa zenyewe kazikopa kwa mtu. Akaja jioni mapema, jua halijazama.

"Mzee Deo, waitu, mtu wetu, niunganishie kwako. Nusu yangu, nusu yako."

"Umeme unacheza leo. Taa zako zitaungua."

"Si una lile stabilaiza kule stoo?"

Nilikuwa nalo. Ndilo lililokuwa linailinda seva umeme ukipanda na kushuka. Na nani hapa kwetu anaacha senene wapite juu ya paa lake? Hata padri anatoka na ndoo. Nikasema ni usiku mmoja tu. Nikachomoa stabilaiza kwenye seva, nikalipeleka kwenye taa za Muta, seva nikaichomeka moja kwa moja ukutani. Sikuizima. Seva haizimwi.

Taa zikawaka, mtaa mzima ukawa mweupe. Senene wakaanza kugonga mabati kama mvua ya mawe, watoto wanapiga kelele, Muta anacheza. Halafu umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi kwa kishindo. Zile taa zilitetemeka kidogo tu zikaendelea. Kutoka stoo nilisikia mlio kama wa mtu anayevunja kuni kavu. Nikaja nikafungua mlango, moshi mweupe, harufu ya plastiki. Diski pacha zote mbili, na ile ya nje iliyokuwa imechomekwa, zilikufa kwa pigo moja. Hapo ndipo mjue: diski pacha siyo nakala. Pacha wanakula chungu kimoja, sumu ikiingia wanakufa wote.

Muta alisimama mlangoni na gunia mgongoni. "Pole, mzee," akasema. "Lakini tumepata magunia manne."

Sikushtuka. Niliwaambia, mimi sishtuki. Nilinawa mikono, na asubuhi nikapanda gari kwenda Ngenge kuchukua nakala yangu, nikiwa hata na wimbo mdomoni.

Projestus alinipokea vizuri, akanipa kahawa za kutafuna, akataka tuanze na rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Nikamwambia diski kwanza. Akapanda juu ya dari la jiko, kule anakoweka mbegu, akashuka na kibuyu. Diski ilikuwa humo, imefungwa kwa majani makavu ya mgomba pamoja na maharage ya mbegu.

"Moshi hauruhusu mdudu," akasema kwa fahari.

Inanuka kama nyama ya kukausha. Nikaichomeka kwenye kompyuta ndogo niliyokuja nayo, ikafunguka bila wasiwasi. Harusi za watu zipo. Kwaya ipo, bila mkwamo hata mmoja. Masomo ya watoto yapo. Mazishi ya mama yangu yapo. Nikafungua folda, kile chumba cha mafaili nilichokiandika jina la Koku. Ndani hakuna kitu.

"Mulamu, mbona umenyamaza?"

"Halipo."

"Kipi hakipo?"

"Sauti ya Adventina."

Akakaa kwenye kigoda. Alikuwa mtu mzima, mkubwa kwangu. "Si ulisimama ukatuhutubia? Ukasema benki hawana?"

"Nilisema."

"Sasa nimetunza nini mimi juu ya moto miaka yote hii? Kwaya?"

Karani hakuwa ameibeba hata siku moja. Mtumiaji mdogo, niliyemnyima funguo kama nilivyofundishwa, alifika kwenye faili nililolifunga kwa mkono wangu, akakataliwa, akaniandikia kwamba amekataliwa, akaendelea na kazi. Kila Jumapili. Na nakala ile sikuwahi kuifungua niitazame, maana kwenda kuitazama ni sawa na kuisogelea sauti niliyokatazwa.

Mzee Nassoro alinisikiliza mpaka mwisho, karatasi yangu ya siri mkononi mwake.

"Ule mstari ulikuwa unauona?"

"Kila wiki."

"Ukafanyaje?"

"Nikafurahi."

Hakucheka. Alikunja ile karatasi, akanirudishia. "Mashine ilikuwa inakuita, Deo. Kila Jumapili inakuita."

Kutoka Ngenge nilikuwa nimepita Muleba mjini bila kushuka. Nilipanda gari kwenda kwa Koku siku iliyofuata, nikamkuta anafuta ubao, watoto wametoka. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Hakulia. Aliendelea kufuta mahali palipokwisha kuwa pasafi.

"Tata, wewe hukusikiliza hata kidogo?"

"Mama yako alikataza."

"Hata siku moja? Hata mwanzo tu?"

"Hata siku moja, mama. Naapa."

"Afadhali ungekuwa mwizi," akasema. "Ungechungulia, leo ungenisimulia."

Hayo maneno yapo kifuani kwangu mpaka leo, na hayana ruhusa ya kufutika.

Nikazifunga zile diski pacha kwenye kitenge cha Adventina, nikapanda basi kwenda Dar es Salaam. Huko kuna fundi mmoja anayefufua diski, kijana mdogo, ana chumba kisafi kama cha upasuaji. Nikaanza kumweleza ninavyojua mambo haya, akaniambia kwa upole, "Mzee, kaa pale nje." Alitafuta diski za aina hiyo hiyo, akatoa viungo vya hizi akapandikiza vya zile. Moja haikuamka kabisa. Nyingine iliamka nusu. Akaniita akanionyesha: mafaili ya sauti yamerudi maelfu, lakini majina yote yamepotea, na mengi yamekatika. Yamebaki namba tu.

"La kwako linaweza kuwa humu," akasema. "Au lisiwemo. Itabidi mtu asikilize moja moja."

Mtu gani? Mimi nilikatazwa. Ndugu wamekatazwa. Tulikaa na Koku sebuleni tukalizungumza, tukakubaliana: asikilize yeye, ndiye mwenye maneno. Shule zilikuwa zimefungwa. Alikuja Buhembe akajifungia chumbani kwa mama yake na vidude vya masikioni, kuanzia asubuhi mpaka chakula kinapoa. Mimi nilikuwa napita mlangoni. Kupitia mlango nilikuwa nasikia kukohoa kwake, kiti kikisogea. Alisikiliza kwaya ikikwama. Alisikiliza harusi za watu wasiomhusu, watoto wakisoma jedwali la kuzidisha, wanaume wakilia makaburini. Anatafuta sauti moja katikati ya mtaa mzima.

Siku moja akafungua mlango. "Tata, njoo usikilize."

"Umeipata?"

"Njoo tu."

"Siruhusiwi, Koku."

"Hii unaruhusiwa. Haijafika kwenye maneno."

Akanivalisha vile vidude kama mtoto. Kwanza kelele za wodi, sufuria, mtu anakohoa mbali. Kisha Adventina, karibu kabisa, anamuuliza mgonjwa wa kitanda cha pili, kwa Kihaya, na aibu kidogo ya mtu asiyezoea simu: "Hii imeanza? Basi, niseme?" Halafu mkwaruzo. Halafu hakuna.

Mengine yote Koku aliyamaliza, mpaka namba ya mwisho. Yalikuwa hayo tu.

Siku ya kuaga ilikuwa ya jua. Turubai lilijaa, Projestus alikaa mbele, Mzee Nassoro na kofia yake, Muta alileta bakuli la senene wa kukaanga na hakuna aliyemfukuza. Ilipofika zamu ya mama, mshereheshaji akanitazama mimi, na mimi nikamtazama shangazi mkubwa, maana tulikuwa tumepanga aseme yeye badala yake. Koku akapiga magoti kwenye mkeka, akanyoosha mkono kumzuia shangazi.

"Wekeni hiyo hiyo," akasema.

Nikaiweka mwenyewe kwenye spika. Ile sufuria ya hospitali ikasikika mpaka barabarani. Kisha sauti yake, kubwa kuliko alivyowahi kuongea akiwa hai: "Hii imeanza? Basi, niseme?"

Wanawake wa Kashozi, waliolima naye, walisahau kabisa kwamba ni mashine. Wakamjibu kwa pamoja, kutoka kila pembe ya turubai: "Sema, waitu! Sema!"

Wakasubiri. Koku naye akasubiri, kichwa ameinamisha, kama binti anavyosubiri. Mkwaruzo ukapita. Spika ikabaki inavuma tu, na watu wakaendelea kusubiri muda mrefu, kwa heshima, wengine wakidhani anavuta pumzi. Hakuna aliyethubutu kuizima. Mwishowe Koku aliitikia kwa kichwa mara moja, akasema, "Nimesikia, mae," akainuka, akaondoka na wenye naye, watu wa Kamachumu.

Seva sikuijenga tena. Mkitaka kujua, basi: fundi, nauli za kwenda na kurudi, gesti ya Dar, na diski alizozipasua kunitafutia viungo, maneno yale manne yalinigharimu shilingi milioni tatu, laki nne, sabini na mbili elfu na mia tano.